Mwinyi wa Esterháza: alipenda muziki au alipenda kuonekana?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya, na kila Jumamosi baada ya mazoezi tunasikiliza pamoja muziki wa zamani wa Ulaya. Wiki iliyopita tulisikiliza ile simfonia ya Haydn ambayo mwishoni wapigaji wanaondoka mmoja mmoja. Mwenzetu akasema Haydn aliitunga kumkomesha mwanamfalme Nikolaus Esterházy, aliyekuwa akiwafungia wanamuziki wake porini. Mwingine akabisha, akasema mwanamfalme huyo aliipenda sanaa kuliko mabwana wote wa zama zake. Huyu alikuwa mtoto wa mfalme gani? Aliishi vipi? Na je, alipenda sanaa kweli au alikuwa akijionyesha tu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wenzako wote wawili wamesema kweli, kila mmoja ameshika upande wake. Nikolaus Esterházy alikuwa na kiu ya muziki ambayo mabwana wachache wa karne ya 18 walikuwa nayo, na kiu hiyo hiyo ndiyo iliyowaweka wanamuziki wake mbali na wake zao kwa miezi. Nitakujibu kwa urefu, maana mzee huyu nimemsoma miaka mingi na huniuma anapogeuzwa zimwi la hadithi moja ya simfonia.

Kwanza tulirekebishe neno. Nikolaus hakuwa mtoto wa mfalme yeyote. Wajerumani wana maneno mawili ambayo sisi huyatafsiri yote kuwa "mwanamfalme": Prinz, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa mfalme, na Fürst, ambaye ni bwana mwenye ardhi na watu wake lakini juu yake yupo mfalme au kaisari. Nikolaus alikuwa Fürst. Mimi huona neno "mwinyi" linamkaa vizuri zaidi. Mwinyi Mkuu wa Unguja pale Dunga, aliyekuwa na heshima na watu wake huku Sultani akiwa juu yake, angeielewa hali ya Nikolaus bila kuelezwa mara mbili.

Hata huo umwinyi hakuzaliwa nao mkononi. Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1714, akiwa mdogo wa Paul Anton, na cheo kilikwenda kwa mkubwa. Nikolaus akawa askari. Alipigana Kolín mwaka 1757, siku Waaustria walipomshinda Frederick wa Prussia, akapanda vyeo mpaka akawa jemadari mkuu. Machi 1762 kaka yake akafariki bila mtoto. Hapo Nikolaus, akiwa na miaka 47, akarithi ukoo uliokuwa na ardhi kubwa kuliko ukoo mwingine wowote wa Hungaria. Pamoja na misitu, mashamba na vijiji, alirithi pia mtunzi wa muziki, kijana wa miaka 30 hivi aitwaye Joseph Haydn, aliyeajiriwa na Paul Anton mwaka mmoja tu uliopita.

Nasema "alirithi" kwa makusudi. Mkataba wa Haydn wa Mei 1761 upo, na unasomeka kama mkataba wa mtumishi wa nyumba. Avae sare, soksi nyeupe na shati safi, nywele ziwe na poda. Afike sebuleni kabla ya adhuhuri na baada yake kuuliza kama bwana anataka muziki leo. Atakachotunga ni mali ya bwana. Asimpe mtu mwingine nakala wala asimtungie mtu mwingine bila ruhusa. Mshahara ulikuwa gulden 400 kwa mwaka, na Nikolaus aliuongeza ukawa 600 mara alipoingia.

Kuhusu kujionyesha sitakuficha: alijionyesha, tena sana. Watu wa zama zake walimpa jina la "mpenda fahari", na koti lake la sherehe lililoshonewa almasi lilikuwa maarufu Ulaya. Mwaka 1764, Joseph wa Pili, kaisari wa baadaye, alipotawazwa Frankfurt, Nikolaus aliwasha mataa na mapambo mengi kiasi kwamba kijana mmoja wa miaka 14 aliyekuwa akizurura mitaani usiku ule hakusahau mpaka uzeeni akayaandika. Kijana huyo alikuwa Goethe, mwandishi mkubwa wa Wajerumani. Basi kama swali lako lingekuwa "je, alipenda fahari?", ningekujibu kwa mstari mmoja.

Lakini fahari haitoshi kueleza baryton.

Usiichanganye na sauti ya baritoni mnayoijua kwenye kwaya. Baryton ni ala ya kushikwa katikati ya magoti kama selo. Mbele ina nyuzi sita au saba za utumbo, zinazopigwa kwa upinde. Nyuma ya shingo pamechimbwa uwazi, na ndani yake zimepita nyuzi nyingine za waya. Ukipiga za mbele, za nyuma hutetemeka zenyewe, zikaacha mwangwi kama wa kanuni ya taarabu iliyoguswa chumba cha pili. Ukitaka zaidi, unazidonoa za nyuma kwa dole gumba la mkono wa kushoto huku upinde ukiendelea mbele. Kuifanyia tyuningi tu ni kazi. Hata enzi zile waliojua kuipiga walikuwa wachache. Haisikiki mbali, haifai ukumbini, haimshangazi mgeni aliyekaa safu ya nyuma. Ni ala ya chumba kidogo na watu wawili watatu, na ndiyo aliyoichagua bwana mwenye koti la almasi.

Kwa ajili ya mkono wake Haydn alitunga trio 126, yaani vipande vya wapigaji watatu, nyingi mno zikiwa za baryton, viola na selo, karibu zote katika miaka kumi kuanzia 1765. Mimi napiga selo, na tumewahi kukaa watatu kuzipitia kadhaa, fidla ikichukua nafasi ya baryton. Ukiwa ndani ya zile karatasi unamwona mtu. Wimbo karibu kila mara unakabidhiwa baryton. Haurukiruki, unapanda ngazi kwa ngazi, unapumzika pale ambapo mkono unahitaji kupumzika. Funguo ni zile zile chache, hasa D, A na G, zinazokaa vizuri juu ya nyuzi. Hapa na pale chini ya nota kumeandikwa namba, nazo zinaonyesha uzi gani wa nyuma udonolewe. Sisi wa viola na selo tunakaa chini, tunabeba. Ni kazi ya fundi cherehani aliyempima mteja mmoja, anajua bega lipi limeinama na anashona kulificha.

Na mteja alikuwa mkali. Mwishoni mwa 1765 Haydn alipata karipio la maandishi: ajibidishe zaidi kutunga, na hasa atunge vipande vya ala hiyo ya bwana, kwa kuwa vilivyofika ni vichache mno. Soma vizuri lalamiko hilo. Bwana hakusema sherehe zimekosa shamrashamra wala wageni wamechoka. Alisema: sina vya kupiga. Mwanzoni mwa Januari 1766 akamwandikia msimamizi wake kwamba amepokea vipande vitatu kutoka kwa Haydn na ameridhika sana. Apewe dukati 12, na aambiwe atunge vingine sita kama hivyo pamoja na viwili vya kupiga peke yake. Mtu anayejionyesha haagizi vipande vya kupiga peke yake.

Kuna kisa ambacho Haydn mwenyewe alikisimulia uzeeni. Alidhani atamfurahisha bwana akijifunza baryton. Akawa anafanya mazoezi usiku kwa siri, kama nusu mwaka, mpaka akaweza kupiga katika funguo nyingi wakati bwana alikuwa akipenda kubaki kwenye moja. Siku alipojitokeza kupiga, alitegemea pongezi. Nikolaus hakushtuka hata kidogo. Alimjibu tu kwamba mtu wa kazi yake anapaswa kujua mambo hayo. Haydn alisema mara ya kwanza alishangaa na kuumia, kisha akaelewa, akaiacha baryton na kurudi kwenye kutunga. Kisa hiki nakipenda kwa sababu hakimpambi mtu. Bwana aliona wivu kidogo kwa kitu chake cha pekee, na mtumishi akasoma uso wake.

Kuhusu kasri nitakwenda haraka, maana picha zake zipo tele. Karibu na ziwa ambalo Wahungaria huliita Fertő, kulikuwa na nyumba ya uwindaji mahali paitwapo Süttör, kwenye nchi ya kinamasi. Kuanzia 1766 Nikolaus akaigeuza kuwa kasri lenye vyumba 126 na ua wa umbo la kiatu cha farasi, akaliita Esterháza. Leo mji huo unaitwa Fertőd. Watu walisema ni Versailles ya Hungaria, wakilifananisha na kasri la wafalme wa Ufaransa. Nyumba ya opera ilifunguliwa 1768 kwa opera ya Haydn mwenyewe, Lo speziale, yaani muuza dawa. Mwaka 1773 ikaja nyumba ya pili, ya vikaragosi, yaani wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono, iliyojengwa ndani kama pango, kuta zimepambwa kwa kome na mawe. Malkia Maria Theresa alipokuja Septemba mwaka ule aliangalia opera, akaangalia na vikaragosi.

Vikaragosi hivyo usivicheke. Nikolaus alivipenda kwa moyo wote, na Haydn alivitungia opera nzima. Kwa siku za tamthilia alikodi kundi la waigizaji lililocheza kwa Kijerumani, na pale kijijini, kando ya kinamasi, watu waliona Hamlet na King Lear katika miaka ya 1770, wakati miji mingi ya dola ile haijawahi kuziona.

Kadiri miaka ilivyokwenda ladha yake ilihama. Baryton ilipungua, opera ikachukua nyumba. Kuanzia 1776 kulikuwa na msimu kamili wa opera kila mwaka. Mwaka 1786 pekee zilionyeshwa mara 125. Hebu fikiria, hilo ni onyesho kila baada ya siku tatu kwa mwaka mzima, ilhali sehemu ya majira ya baridi hawakuwepo. Nyingi zilikuwa za Kiitaliano na za kuchekesha, za watunzi akina Paisiello, Cimarosa na Anfossi. Kila moja ilipitia mezani kwa Haydn kwanza: alikata nyimbo zilizorefuka, akaongeza mwendo pale palipolegea, akatunga wimbo mpya mahali ambapo wa zamani haukumfaa mwimbaji waliyekuwa naye. Kwenye mikato hiyo ndimo ladha ya bwana ilimoonekana, maana Haydn alikuwa akimkatia yeye. Alitaka kitu kisichozubaa. Opera ya majonzi ilichelewa kuingia, lakini Armida ya Haydn ilipoingia 1784 ilirudiwa mara 54, kuliko opera nyingine yoyote pale.

Sasa tuje kwenye simfonia yenu.

Wanamuziki wengi walikuwa na familia Eisenstadt, ng'ambo ya ziwa, kama kilomita 50. Esterháza vyumba vya watumishi vilikuwa havitoshi, kwa hiyo Januari 1772 ikatoka amri: wake na watoto wa wanamuziki wasionekane kasri, hata kwa saa 24. Walioruhusiwa ni wachache: Haydn, mpiga fidla Luigi Tomasini, na waimbaji wawili watatu. Mwaka ule bwana akakaa Esterháza mpaka vuli imeingia, haonyeshi dalili ya kufunga virago. Wenye wake zao mbali wakamwendea Haydn.

Haydn hakuandika malalamiko. Alitunga simfonia katika F-sharp minor, ufunguo ambao okestra ya zama zile ilikuwa karibu haiujui, hata mabomba maalumu ya baragumu yalibidi yatengenezwe. Sehemu ya mwisho inaanza kwa kasi, kisha inakatika ghafla na kuingia muziki wa taratibu ambao hakuna aliyeutegemea. Mpiga obo wa kwanza na baragumu wa pili wanamaliza sehemu yao, wanazima mishumaa yao, wanatoka. Anafuata wa basuni. Obo nyingine na baragumu nyingine. Besi kubwa, ambayo kabla ya kuondoka inapewa maneno yake ya mwisho, jambo ambalo ala hiyo hupewa kwa nadra. Selo. Kisha fidla, moja baada ya moja, na viola. Wanabaki wawili, fidla zimezibwa sauti: Haydn na Tomasini. Giza.

Nikolaus alielewa palepale. Alisema kama wote wanaondoka, basi nasi tuondoke, na safari ikapangwa.

Mwenzako anasema Haydn alimkomesha. Mimi nasikia kitu kingine. Ombi la namna ile unaweza kulipeleka kwa mtu mmoja tu: yule atakayekaa kimya mpaka nota ya mwisho, na anayejua muziki kiasi cha kushtuka kwamba ufunguo ni wa ajabu, mwendo umebadilika, na sauti zinapungua. Bwana anayetumia okestra kama mapambo angekuwa ameshaanza kuzungumza na jirani yake. Na aliyebakizwa mwisho ni Tomasini, kipenzi cha bwana. Haydn alimjua msikilizaji wake kama alivyoujua mkono wake kwenye baryton.

Hata hivyo amri ile ilikuwa ya kikatili, na sitaipamba. Wala si ugumu wake pekee. Mwaka 1765 mpiga filimbi Franz Sigl alikuwa akiwapiga ndege risasi, paa likashika moto; akawekwa ndani na kufukuzwa, na Haydn alipoingilia kumtetea alijikuta naye matatani. (Sigl alirudishwa kazini miaka miwili baadaye.) Lakini mtu huyo huyo, nyumba ya Haydn ilipoungua mwaka 1768, na ikaungua tena 1776, alilipia ijengwe upya mara zote mbili. Na mkataba mpya wa 1779 ulikiondoa kile kifungu kilichomfunga mtunzi kwa bwana mmoja. Ni baada ya hapo Haydn aliweza kuuza kazi zake kwa wachapishaji, na Paris ikamwagiza simfonia sita. Haydn alipozeeka alieleza kwamba pale alikuwa ametengwa na dunia, hakuna wa kumtia shaka, aliweza kujaribu kitu, akasikia kinavyofanya kazi, akakisahihisha. Hivyo akalazimika kuwa yeye mwenyewe. Maneno hayo yanatajwa sana. Wanaoyataja husahau kwamba majaribio yanahitaji okestra iliyo tayari kila siku, na mtu aliyeilipa kwa miaka 28 na akaja kusikiliza.

Kabla sijafika mwisho, jambo dogo: mkitafuta habari zake mtakutana na mkusanyaji mkubwa wa picha za kuchora mwenye jina hilo hilo. Huyo ni mjukuu, Nikolaus wa Pili. Ndiye aliyeikuza hazina ya picha za ukoo, ambayo mwaka 1871 serikali ya Hungaria iliinunua, picha 637, ikawa msingi wa Jumba la Sanaa la Budapest. Ndiye pia aliyeagiza misa kutoka kwa Beethoven mwaka 1807 na kumwuliza hadharani amefanya nini hapa. Ladha zao hazikufanana hata kidogo.

Babu, yaani Nikolaus wetu, alimpoteza mkewe, Marie Elisabeth, Februari 1790. Walikuwa wameoana miaka zaidi ya 50. Mwezi uliofuata Haydn alimwandikia rafiki yake mmoja wa Vienna, mama Marianne von Genzinger, na barua ile naiamini kuliko kitabu chochote kuhusu mtu huyu. Anasema kifo hicho kilimwangusha bwana kiasi kwamba walilazimika kutumia nguvu zote kumwinua. Siku tatu za kwanza alimpangia kila jioni muziki wa chumbani, bila kuimba. Lakini yule bwana masikini, Haydn anaandika, jioni ya kwanza aliposikia Adagio ya D, kipande cha taratibu ambacho Haydn alikiita kipenzi chake, alizama katika huzuni nzito, hata ikawa kazi kumtoa humo kwa vipande vingine. Siku ya nne ikawa opera, ya tano mchezo wa kuchekesha, kisha kila siku kama kawaida. Bwana alikuwa ametaja kwamba angependa kuona tena opera moja ya zamani ya mtunzi Gassmann. Haydn akaamuru iandaliwe, akaiongezea nyimbo tatu mpya.

Haydn alikuwa na miaka 58 karibu, maarufu mpaka Uingereza, na mwaka huo huo katika barua nyingine alilalamika kwamba inasikitisha kuwa mtumwa daima. Yote mawili yalitoka kwenye kalamu moja.

Nikolaus alifariki Vienna tarehe 28 Septemba 1790. Mwanawe Anton hakuwa na hamu ya muziki. Ndani ya siku chache okestra ikavunjwa. Kwa wosia wa marehemu Haydn alipata pensheni ya gulden 1,000 kwa mwaka. Aliondoka Esterháza kwa haraka akiacha vitu vyake vingi nyuma, na Desemba ile akawa njiani kwenda London. Wapigaji wa baryton walipungua mpaka ala ikasahaulika, ikaja kufufuliwa karne ya 20.

Jumamosi ijayo, kabla hamjairudia simfonia ya kuaga, tafuteni trio ya baryton namba 97, ya D, ambayo Haydn alimtungia bwana kwa siku yake ya kuzaliwa. Ina sehemu saba na inamalizika kwa fugi, yaani muziki ambao sauti huingia moja baada ya nyingine zikifuatana kwa wimbo mmoja. Hakikisheni ni rekodi iliyopigwa kwa baryton yenyewe, mpunguze feni kama inawezekana, na msikilize zile nyuzi za nyuma.